Kamusi ya Saa Sita Kasorobo

Mzee Pruchnik halali kabla hajamtukana mtu,
na kwa kuwa miguu imemgomea
na theluji ya Buffalo imefika vioo vya magari,
huwatukana waliomo kwenye televisheni.
Mimi hukaa kiti cha pembeni, vidonge vyake kiganjani.
Nalipwa kwa saa.

Mwezi wa kwanza nilicheka kwa mkopo.
Mchekeshaji anasema, ukumbi unalipuka,
mzee anakohoa kwa kicheko,
nami nafuata nyuma, kama mtu aliyeachwa na basi
akapunga mkono ili asionekane mjinga.
"Umeelewa, Nanuli?"
"Nimeelewa."
Nilikuwa nimeelewa tai tu, kwamba ni nyekundu.

Maneno yakaja, ila yalikuja yamevaa suti.
Soksi iliyolowa: hilo nililipata kwa seneta mmoja
aliyeulizwa swali jepesi akalegea.
Shuka lenye mpira pembeni ni bajeti,
ukivuta huku, kule kunachomoka.
Kizibo cha sinki, waziri wa fedha.
Mwavuli uliopinduliwa na upepo, msemaji wa ikulu.
Hata leo nikimtandikia mzee kitanda
naona kamati nzima ikigombea pembe nne za godoro,
na nikianika soksi zake
namwonea huruma yule seneta:
soksi angalau hukauka.

Dukani nilitaka chujio la tambi.
Jina lake sikulijua, nilijua mzaha wake.
Nikamwambia binti wa kaunta:
kile chombo cha matundu matundu,
kama ahadi za gavana.
Akanitazama. Akamwita mwenzake, "Deshawn, njoo usikie!"
Nikatoka na chujio, na neno lake,
na punguzo la dola moja ambalo sikuliomba.

Siku ya usaili wa uraia
afisa alikuwa mwanamke mwenye mafua.
Akasoma: Bunge hufanya kazi gani?
Jibu nililijua, nililikariri nikioga,
nililikariri nikikata kucha za mzee.
Ulimi ukanitangulia:
"Hupiga kopo teke, likafika mwakani."
Kalamu ikasimama.
Akapenga kamasi muda mrefu kuliko mafua yanavyodai,
kisha, bila kuinua uso, "Na jibu lingine?"
"Hutunga sheria."
Akatia alama.

Mzee alicheka hadi nikamletea maji.
Sikumwambia kwamba usiku ule sikupata usingizi.

Kutaisi, jikoni kwetu, baba hakuitania serikali
kabla ya kufungua bomba.
Maji yapate kelele ya kutosha kwanza,
ndipo masharubu yake yakusogelee sikio,
nasi tucheke kwa mabega.
Nilikua nikidhani utani ni kitu cha majimaji,
kwamba kila nyumba duniani
hulipa bili ya maji namna ile.
Na huyu hapa, mwenye tai nyekundu,
anayasema yote mbele ya taa na tarumbeta,
kesho yake anarudi kazini.
Kila usiku muziki ukianza
mimi humtafuta kwanza. Yupo.
Ndipo nifungue daftari.

Jumapili nikampigia dada yangu, Lamara.
Nikamsimulia ule wa chujio kwa lugha yetu,
nikamtoa gavana, nikamweka mtu wa kwao huko,
yule mwenye picha kila ukuta.
Kimya.
Nikadhani simu imekatika.
Kisha nikasikia chuma kikilia, nakijua kilio kile,
na maji yakianguka kwenye sinki tupu.

"Haya," akasema. "Rudia."